Mafiga Matatu ya Mwanafunzi



Kila mwaka mambo mawili hukutana katika nyumba zetu. Karafuu hukomaa, na mitihani hufika. Mtihani wa Kidato cha Nne aghalabu hufanywa mwezi wa Novemba, na huo ndio wakati ambao mikarafuu, ikiwa imezaa, hudai mikono ya kila mtu nyumbani. Mchana ni kuchuma, usiku kuchambua, na asubuhi kuanika. Mtoto aliye mtahiniwa huvutwa huku na huku. Mzazi naye hukaa katikati, kwani ada ya skuli yatoka katika karafuu hizo hizo.

Katika hali hiyo ndipo anapotokea mfanyabiashara na chupa yake. Asema ni dawa ya Kihindi, ya Ayurveda, na kwamba mtoto akiinywa akili yake itatulia na hatasahau tena alichosoma. Mzazi aliyechoka hutoa fedha.

Makala haya yakusudia kueleza Ayurveda ni elimu gani, yasema nini khasa juu ya kusoma, lipi katika hayo lafaa kuchukuliwa, na lipi la kuachwa. Twatanguliza neno moja. Lililo bora katika elimu hiyo kwa mwanafunzi haliuzwi katika chupa. Ni utaratibu wa siku, nao hauna bei.

ELIMU YENYEWE

Ayurveda ni neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi. "Ayus" ni maisha, na "veda" ni elimu. Vitabu vyake vitatu vinavyotegemewa zaidi vyajulikana kwa majina ya Charaka, Sushruta na Vagbhata. Viwili vya kwanza asili yake ni ya kiasi cha miaka 2,000 iliyopita, navyo vilipitia mikono mingi ya kuvipanga na kuviongeza. Cha Vagbhata ni cha baadaye.

Kwetu si elimu ngeni kabisa. Nyingi katika jamaa za Kihindi zilizofika Unguja, Pemba na bara zilitoka Kutch na Kathiawar, na mama zao walikuja na maarifa ya manjano, tangawizi na mafuta ya ufuta. Huko Kathiawar ndiko uliko mji wa Jamnagar, ambako Shirika la Afya Duniani lilianzisha kituo chake cha tiba za asili mwaka 2022. Na yafaa mwanachama ajue kwamba karafuu yetu imo katika vitabu hivyo kwa jina la "lavanga". Charaka aitaja miongoni mwa vitu vya kutiwa mdomoni ili kinywa kisafike na kinukie.

Waganga wa Ayurveda husema kwamba mwili huongozwa na nguvu tatu: "vata", ambayo ni mfano wa upepo, "pitta", mfano wa moto, na "kapha", mfano wa ute na uzito. Asubuhi huwa ni zamu ya kapha, adhuhuri zamu ya pitta, na jioni zamu ya vata. Mwanafunzi ambaye vata yake imezidi, wasema, huwa na mawazo ya kurukaruka. Mwenye kapha nyingi husinzia juu ya kitabu.

Hapa lazima tuseme kweli. Sayansi ya leo haikuzithibitisha nguvu hizo tatu, wala hospitali haina kipimo chake. Kwa hiyo hatumshauri mzazi atafute mtu wa kumpimia mwanawe vata. Lakini wazee wale waliishi na wanafunzi, wakawatazama siku baada ya siku, na mengi waliyoyaandika juu ya kula, kulala na kudurusu mtu aweza kuyajaribu mwenyewe nyumbani bila ya hatari.

MAFIGA

Charaka asema kwamba mwili husimama juu ya nguzo tatu: chakula, usingizi, na kujizuia. Sisi tunalo neno lifaalo zaidi ya nguzo, nalo ni mafiga. Nyumba ya nguzo tatu ikipoteza nguzo moja huenda ikainama tu. Lakini chungu kilicho juu ya mafiga matatu, likiondolewa figa moja, humwagika pale pale.

Na jina hilo wengi wetu twalijua pia kwa mahali. Mafiga ni kata katika Manispaa ya Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Mjini Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoundwa mwaka 1984, na Chuo Kikuu cha Waislamu, kilichofunguliwa mwaka 2005. Watoto wa visiwani ni miongoni mwa wanaosoma huko, na wako wapangao vyumba katika mitaa kama hiyo ya Mafiga. Kadhalika huko juu milimani, Kinole, Mkuyuni na Matombo, mikarafuu huota kama huku kwetu, na wazazi wa Kiluguru nao huwateremsha watoto wao mjini wakakae kwa mjomba au kwa shangazi wapate kusoma.

Basi twachukua mfano wa mwanafunzi akaaye Mafiga kwa sababu hii: huyo yuko mbali na nyumbani. Hapana mama wa kumwambia "Kula," wala baba wa kumwambia "Zima taa ulale." Mafiga yake matatu yamo mikononi mwake mwenyewe, na asipofundishwa kabla ya kuondoka, atajifunza kwa hasara.

FIGA LA KWANZA: CHAKULA

Charaka afundisha kwamba tumbo ligawanywe mafungu matatu: fungu moja la chakula kigumu, fungu moja la vinywaji, na fungu moja liachwe wazi. Msomaji Mwislamu ataona kwamba fundisho hilo halipo mbali na alilofunzwa chuoni. Sababu yake kwa mwanafunzi ni nyepesi kufahamu. Aliyeshiba mpaka koo husinzia, na mwenye njaa husoma huku akiliwaza sufuria.

Ayurveda husema mlo mkubwa uwe mchana, jua likiwa juu, kwani moto wa tumbo nao huwa mkali saa hizo. Wanafunzi wengi hufanya kinyume. Huondoka asubuhi bila ya kitu, huzuga mchana kwa andazi moja, kisha saa 3 usiku hula wali wa kushindilia na kufungua kitabu. Kitabu hicho hakisomeki.

Utaratibu ulio bora ni huu. Asubuhi ale kitu kabla ya kuondoka, ijapokuwa ni uji au kiporo cha muhogo. Mchana ale chakula cha haja. Morogoro ndizi na maharage hupatikana. Usiku ale kidogo, na mapema, kiasi cha saa 1. Chai ya rangi kali na kahawa ziachwe tangu alasiri, kwa sababu hukopa macho ya usiku na kudai malipo asubuhi darasani.

FIGA LA PILI: USINGIZI

Hili ndilo figa linaloondolewa mara nyingi kuliko yote, na aghalabu huondolewa na sisi wazazi. Charaka ahesabu mambo yategemeayo usingizi mwema, na miongoni mwake amezitaja elimu na ujinga. Madaktari wa leo hawapingani naye. Wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kila usiku, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji saa 9 hadi 12. Tena imeonekana kwamba ubongo huyatia mahali pake yaliyosomwa mchana wakati mtu amelala. Mwanafunzi anayekesha ni kama mtu achumaye karafuu mchana kutwa akaziacha bila ya kuanika.

Sasa wako watu waliosikia kwamba Ayurveda huamrisha kuamka usiku wa manane, wakawaamsha watoto wao. Tuipige hesabu. Vitabu vyagawa usiku na mchana mafungu 30, kila fungu likiitwa "muhurta", yaani dakika 48. Mtu mwenye afya huambiwa aamke katika muhurta ianzayo dakika 96 kabla ya jua kuchomoza. Mwezi wa Novemba, jua likichomoza karibu saa 12, hiyo ni kama saa 10 na nusu alfajiri. Vyema. Lakini mtoto aliyechambua karafuu mpaka saa 5 usiku, akaamshwa saa 10 na nusu, amelala saa 5 na nusu tu. Huyo hakufuata Ayurveda. Alichofanyiwa ni kupunjwa usingizi.

Basi kanuni iwe hii: saa ya kulala ndiyo ipangwe kwanza, na saa ya kuamka itafuata. Alalaye saa 3 usiku aweza kuamka saa 11 alfajiri akiwa ametimiza saa zake 8. Asiyeweza kulala mapema, aachwe alale asubuhi kadiri skuli imruhusuvyo.

Tena Charaka, ambaye kwa kawaida hapendi watu walale mchana, amewatoa katika katazo hilo watoto, wazee, na waliochoshwa na kusoma, na kubeba mizigo, na mwendo mrefu. Mwanafunzi arudiye skuli kwa miguu juani hana lawama akijinyoosha dakika 20.

FIGA LA TATU: KUJIZUIA

Neno la Kisanskriti ni "brahmacharya", na zamani lilikuwa ndiyo hali ya mwanafunzi akaaye kwa mwalimu wake, aliyejiepusha na anasa zote mpaka amalize masomo. Kwa mtoto wa leo maana yake ya kila siku ni kuzitawala hisi zake. Adui wa kwanza ni simu. Charaka anayo pia habari ya "kosa la akili": mtu anajua kabisa jambo lamdhuru, na akalifanya. Mwanafunzi ashikaye simu saa 4 usiku akisema "dakika mbili tu" ataelewa maneno hayo bila ya mfasiri.

Dawa yake si kumhubiria. Simu ilazwe chumba kingine, au kwa mwenye nyumba, kabla ya saa ya kudurusu. Wanafunzi wawili wapangao chumba kimoja wawekeane zamu ya kuzifungia. Jambo lililo mbali na mkono halihitaji nguvu nyingi kujizuia nalo.

NAMNA YA KUDURUSU

Watu wengi hawajui kwamba Charaka amewaandikia wanafunzi wa uganga namna ya kusoma, wazi kabisa. Mwanafunzi mwenye afya ajitengee wakati. Aamke alfajiri au kabla yake kidogo. Baada ya haja zake na ibada, akae mahali safi palipo sawa, kwa raha. Aseme masomo yake tena na tena, moyo wake ukifuata maneno, mpaka afahamu, apate kuyaondoa makosa yake mwenyewe. Kisha afanye vivyo hivyo adhuhuri, na alasiri, na usiku, bila ya kuacha siku.

Tutazame yaliyomo. La kwanza, kusoma ni kwa vipindi vilivyotawanywa katika siku, wala si kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1885 mwanachuoni wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha jinsi mtu asahauvyo upesi, na jinsi kurudia kwa vipindi kunavyozuia kusahau. Majaribio mengi tangu hapo yamekubaliana naye. La pili, somo husemwa, halitazamwi tu. Afungaye daftari akajiuliza, hukumbuka zaidi kuliko apitishaye macho mara kumi. Waliohifadhi Kurani chuoni walilijua jambo hili zamani.

Charaka ataja njia tatu za kuipata elimu: kusoma, kufundisha, na kujadiliana na wajuao. Kwa hiyo mwanafunzi akisha kulisoma somo, na amfundishe mdogo wake. Atakapokwama ndipo atakapojua ni wapi hakufahamu. Sushruta naye, ambaye alikuwa bingwa wa upasuaji, aliwataka wanafunzi wake wakate kwanza maboga na matango kabla ya kumgusa mgonjwa. Yaani mikono nayo ina masomo yake. Mwenye kusoma hesabu na apige hesabu, asitazame tu zilizokwisha pigwa.

Na katika sababu nane za kukumbuka alizozihesabu Charaka, zimo kulinganisha vitu vifananavyo, kutenganisha visivyofanana, kufanya mazoezi, na kusikia tena. Mathalan mtoto wetu asomaye habari za maua aanze na karafuu aijuayo. Tunachokichuma ni tumba lisilochanua. Likiachwa litafunguka liwe ua, kisha litoe tunda. Akilinganisha hivyo na ua la kitabuni, hatalisahau mpaka aingie katika mtihani.

SIKU MOJA YA MWANAFUNZI

Huu ni mpango kwa mwanafunzi akaaye Mafiga, au popote, mwezi wa mitihani. Saa zaweza kusogezwa kidogo, mradi saa 8 za usingizi zisiguswe.

Saa 11 alfajiri: kuamka, kupiga mswaki, kunywa maji, kusali.
Saa 11 na nusu: muhurta moja, dakika 48, ya somo lililo gumu kuliko yote, simu ikiwa mbali.
Saa 12 na robo: chakula cha asubuhi na kwenda skuli.
Mchana, baada ya kula: dakika 5 za kuyasema kimoyomoyo yale ya alfajiri.
Saa 10 jioni: mapumziko mafupi, kisha kazi za nyumbani au mchezo. Vagbhata asema mazoezi yaishie kwenye nusu ya nguvu za mtu, asije akachoka.
Saa 1 usiku: chakula kidogo.
Saa 1 na nusu: muhurta ya pili, pamoja na mwenzake, mmoja akiuliza na mwingine akijibu.
Saa 2 na nusu: kuandika mistari mitatu ya kazi ya kesho, na kuweka simu mbali.
Saa 3: kulala.

Atakayeona kwamba muhurta mbili ni chache ajiulize ni dakika ngapi katika saa zake 4 za usiku alizokuwa akisoma kweli.

NA KARAFUU JE?

Hatusemi mtoto asisaidie. Kazi ya shamba ni haki ya nyumba, nayo pia ni elimu. Lakini mtahiniwa asiamshwe kwenda kupanda mkarafuu ilhali hakulala. Usingizi na tawi bichi havipatani, na kila msimu twasikia watu walioanguka. Apewe kazi ya chini, na ya saa zinazojulikana.

Kuchambua karafuu kwaweza hata kumfaa. Mikono yashughulika, bali kinywa na masikio ni bure. Wakae duara kama kawaida, na mtu mzima ashike daftari amuulize. Hata asiyejua somo aweza kuuliza, maana jibu limeandikwa. Mtoto ajibu huku akitenga makonyo. Hiyo ndiyo majadiliano aliyoyataka Charaka, na karafuu zachambuliwa. Ikifika saa 2 usiku mtahiniwa ainuke, wengine waendelee.

CHUPA ILE

Sasa turudi kwa mfanyabiashara. Dawa anayoisifu mara nyingi ni "brahmi". Kwanza ifahamike kwamba jina hilo huitwa mimea miwili tofauti, Bacopa monnieri na Centella asiatica, hivyo mnunuzi huenda asijue amepewa upi. Bacopa imejaribiwa. Katika majaribio kadhaa watu wazima walioitumia kwa kiasi cha wiki 12 walipata nafuu ndogo ya kukumbuka, na wengine waliumwa na tumbo. Hapana dawa hapo ya kunywewa wiki ya mtihani. Nyingine ni "ashwagandha". Kuna taarifa za watu walioumia maini baada ya kuitumia, na Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023.

Lililo kubwa zaidi ni hili. Baadhi ya dawa za Ayurveda hutiwa madini kwa makusudi. Mwaka 2004 wachunguzi wa Marekani walitangaza kwamba walinunua dawa 70 za namna hiyo, zilizotengenezwa Asia ya Kusini, katika maduka ya Boston na vitongoji vyake, na 14 katika hizo zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani lasema hapana kiasi chake kijulikanacho kuwa salama. Yaani mzazi aweza kununua dawa ya akili na kumnywesha mwanawe kitu kinachoiharibu akili hiyo.

Wala hatuisazi karafuu yetu. Chembe mbili katika chai ni kitu chema, lakini hazimfanyi mtu kuwa hodari wa hesabu. Na mafuta ya karafuu asinyweshwe mtoto kabisa, kwani yaweza kumdhuru maini.

Mtoto asiyetulia kitabuni apelekwe kwanza kituo cha afya. Huenda haoni ubao. Huenda hasikii vizuri, au ana minyoo, au malaria, au damu imepungua. Hayo yana dawa zilizopimwa. Naye anayetumia dawa za hospitali asiziache wala asizichanganye na za chupa bila ya kumwuliza daktari.

SHAURI LETU

Fedha ya chupa inunue mafuta ya taa au balbu, daftari, na chakula cha mchana. Mwenye mtoto Morogoro au kwingineko ampigie simu wiki hii, na kabla ya kumwuliza "Umesoma?", amwulize mambo matatu: jana ulikula nini mchana, ulilala saa ngapi, na simu yako ililala wapi? Majibu hayo yatamwambia mengi kuliko ripoti ya muhula.

Na mwenye mtahiniwa nyumbani aandike saa ya kulala kwa chaki mlangoni, waione wote: mtoto, wachambuaji, na yeye mwenyewe mzazi. Karafuu iliyobaki jamvini usiku huu itachambuliwa kesho. Mtihani hautangoji.